Mla Sauti wa Nkowe

Nkowe, Ruangwa
Jumapili, 9 Juni 2024

Mjomba Ildefonsi,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Nimekupigia simu mara nne tangu Jumatano, inaita mpaka inachoka yenyewe. Basi nimekaa nakuandikia kama watu wa zamani, na Felisian wa bodaboda yuko nje anapiga honi utafikiri amekuja kuposa.

Kile kidude chako cha kunasia redio kimefika salama. Nimekichomeka kwenye kompyuta ya chama kama ulivyonifundisha Pasaka, na waya wa antena nimeupandisha juu ya mwanzi nyuma ya ofisi. Kinakamata. Redio zetu za mkono hapa bondeni hazipati kitu kutoka studio ya mjini, lakini kwenye kioo cha kompyuta nikaona kabisa rangi zimejaa mahali pa namba yao. Nikaita watu, nikabonyeza.

Mjomba, iliyotoka ni aibu tupu. Sauti inachemka kama samaki kwenye mafuta. Cha ajabu, mtangazaji akisema taratibu namwelewa, akipaza sauti ndipo inachanika. Nyimbo ndiyo kabisa, huwezi kujua kama anaimba mtu au mashine ya kusaga.

Na unajua kwa nini nahangaika. Jumamosi ya tarehe 6 Julai, saa nne asubuhi, wanarusha nyimbo za kina mama wa hapa walizowarekodi mwezi wa tatu, Bibi Tunu ndiye kaongoza. Mimi karani wa chama cha wakulima nimeshaitangazia kata nzima waje ofisini kusikiliza. Nimesema kwa mdomo wangu, "Mtasikia kama mko studio." Nisaidie, nisije nikaumbuka.

Mpwa wako,
Rozalia

*

Nachingwea
14 Juni 2024

Mpwa wangu Rozalia,

Marahaba. Milele na milele, amina. Simu yangu ni mbovu, usihangaike nayo. Andika tu.

Nimetengeneza redio za misheni miaka thelathini na moja, na siku zote kosa nimelitafuta kwanza nyumbani, ndipo nikatoka nje. Nawe fanya hivyo. Chomoa chaja, kompyuta itumie betri yake. Punguza nguvu ya kupokea. Watu hudhani wakiiongeza watasikia zaidi, kumbe kidude kinalewa. Antena isilale karibu na waya za taa.

Kama bado inachemka, tazama jirani mwenye sola. Kile kisanduku kinachochaji betri ndicho mchafuzi mkubwa wa hewa siku hizi. Lakini upime kwanza. Subiri siku amezima, usikilize. Mlio ukibaki, mwenzio hana kosa. Usimguse mtu kabla ya kupima, nakuambia kama fundi na kama mjomba.

Kidude chenyewe usikishuku. Nilikipima hapa nyumbani kabla sijakufungia, sauti ilikuwa safi kama kengele ya parokia. Nichapishie picha ya kioo, uniletee kwa huyo Felisian.

Mjomba wako,
Ildefonsi

*

Nkowe
23 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Picha ni hiyo ndani ya bahasha. Wamenichapishia Ruangwa mjini, wino wao umeisha kidogo lakini rangi zinaonekana.

Nimefanya yote. Kuchomoa chaja kumeondoa mvumo fulani. Kupunguza nguvu kumesaidia pia, mwanzoni palikuwa na kituo kingine kinaropoka nyuma. Ila mtangazaji akicheka tu, inachanika vile vile.

Jirani wa sola ninaye, ukuta kwa ukuta. Ni Hemedy, yule mtani wetu anayechaji simu za watu na kuuza samaki wa kwenye friza. Paneli nne juu ya bati. Ijumaa akienda msikitini huzima kila kitu, anasema betri nazo zina haki ya kupumzika. Nitapima Ijumaa hii ya tarehe 28.

Rozalia

*

Nachingwea
30 Juni 2024

Mpwa wangu,

Picha nimeiona. Kuna mistari myembamba imesimama kwa nafasi sawa, pande zote mbili za kituo. Nimeiona mistari ya namna hiyo mara nyingi, na mara nyingi ilikuwa sola. Sisemi ni yeye. Nasema inafanana.

Ijumaa umepima? Niandikie kabla ya Jumamosi kama utaweza. Nami nakuombea siku iende vizuri, Bibi Tunu namfahamu tangu ana sauti ya kuamsha kijiji.

Ildefonsi

*

Nkowe
Jumatatu, 8 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Siku imepita, na nikuambie ukweli, niliokoka kwa ulimi.

Watu walijaa mpaka barazani. Bibi Tunu kavaa kitenge kipya, kakalishwa kiti cha mbele. Saa nne ikafika, mtangazaji akataja Nkowe, watu wakashangilia. Halafu nyimbo zikaanza, na sauti ikachanika tangu neno la kwanza. Bibi Tunu akasikiliza, akainamisha kichwa, akaniuliza, "Hivi ndivyo ninavyoimba?" Wote wakanigeukia mimi.

Hemedy alikuwa amesimama mlangoni kwake, naye katoka kusikiliza. Nikamnyooshea kidole nikasema, "Muulizeni huyu mtani wangu. Hiyo sola yake inakula sauti za watu. Sauti ya Bibi Tunu iko kwenye friza, imegandishwa na samaki. Mla Sauti, tufungulie." Watu walicheka wakaegemeana. Hemedy naye akacheka, angefanya nini, mtani hanuni. Akaenda kuzima mitambo yake, lakini mpaka anarudi kipindi kilikuwa kimekwisha.

Ijumaa ile sikupata nafasi ya kupima. Tulikuwa tunapokea ufuta.

Rozalia

*

Nachingwea
14 Julai 2024

Mpwa wangu,

Umenichekesha peke yangu mpaka mke wangu akaja kuchungulia. Mla Sauti. Watani tuna midomo, Mungu atusamehe.

Sasa tuache mchezo. Hemedy alipozima, uliwasha tena ukasikiliza? Sauti ilitakata au haikutakata? Hilo hukuniandikia, na ndilo pekee ninalohitaji kulijua.

Ildefonsi

*

Nkowe
Jumapili, 4 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimekaa wiki tatu bila kukujibu. Si kazi, si ugonjwa. Ni hilo swali lako.

Jina limemganda. Siku ya kwanza watoto walimwita Mla Sauti, akawafukuza huku anacheka. Wiki ya pili mama mmoja akasema mtoto wake wa miaka mitatu hasemi bado, na nyumba yao inatazamana na zile paneli. Baada ya hapo watu wakaacha kupeleka simu. Wengine wakipita wanafunika midomo kwa kanga, wanajifanya wanatania. Hemedy anacheka kila wanaposema. Alianzishiwa na mtani, akinuna ndiye atakayeonekana mshamba.

Jumanne iliyopita ameshusha paneli zote nne. Friza imepakiwa kwenye guta, wamehamia Nanganga kwa wakwe zake. Mkewe Kulthumu alipita mbele ya ofisi kajitwisha godoro, nikamsalimia, akaangalia mbele.

Leo baada ya misa nimefungua ofisi. Hakuna sola hata moja jirani. Nimewasha, Mjomba, na inachemka vile vile.

Na mimi sikushangaa. Hapo ndipo penye aibu yangu. Ijumaa ile nilipima. Hemedy alizima saa sita na nusu akaenda kuswali. Nilisikiliza nusu saa nzima na mlio haukupungua hata kidogo. Nilijua siku nane kabla kwamba si yeye. Lakini Bibi Tunu aliponiuliza vile, na watu wote wananitazama, nikamwona Hemedy kasimama pale, na ulimi ukaenda wenyewe.

Hapana, nisiseme wenyewe. Niliuelekeza. Ningemshtaki kama karani, angenijibu, "Thibitisha." Nikamshtaki kama mtani, kwa sababu utani haujibiwi kwa hasira. Nilimfunga mikono kwanza ndipo nikampiga. Nimekudanganya na wewe pia. Sina uso wa kukutazama, afadhali simu yako ni mbovu.

Rozalia

*

Nachingwea
10 Agosti 2024

Rozalia,

Simu yangu ni nzima. Masikio ndiyo mabovu.

La kulia limekwenda tangu mwaka juzi, la kushoto limelifuata mwaka huu. Nikiwa kanisani nasimama wakisimama wengine. Mke wangu ndiye anayejua, na sasa wewe. Fundi wa redio asiyesikia, nani angemletea kazi? Nilinyamaza. Kile kidude nilipokipima niliangalia rangi zinacheza, nikaweka kiganja juu ya spika, nikausikia mtetemo, nikasema safi. Nikakuandikia habari za kengele ya parokia. Kengele hiyo sijaisikia muda mrefu.

Jana usiku sikulala vizuri, asubuhi nikachukua tena ile picha yako. Pembeni chini pameandikwa upana wa masafa yanayopitishwa: 12,500. Nimeikodolea picha hiyo wiki sita, naitazama mistari ya sola, sikusoma pale. Huo ni upana wa redio za kuitana, zile za magari ya misheni, nilikuwa nazisikiliza misheni ya Marambo enzi zangu, na nilipokuandalia programu ya kidude nikauacha hivyo hivyo. Kituo cha matangazo kinataka 200,000. Ni sawa na kupitisha kitanda kwenye mlango wa choo. Mtu akisema taratibu anapita, akipaza sauti anakwaruza pande zote mbili. Nawe uliniandikia hivyo katika barua ya kwanza kabisa. Sentensi ile moja ilimtosha fundi yeyote anayesikia. Mimi nilikuwa naitetea heshima yangu.

Kwa hiyo kosa la chombo ni langu. Bonyeza pale palipoandikwa FM nyembamba, weka FM pana, upana uandike laki mbili.

Kosa la Hemedy ni lako. Sitakupunguzia, maana uliambiwa upime, ukapima, ukaficha. Nenda Nanganga ukamwombe radhi. Ikishindikana niite, mpwa akikosa mjomba husimama.

Ildefonsi

*

Nkowe
18 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo, na pole sana. Nilisoma barua yako nikakumbuka Pasaka, nilivyokuwa nakuuliza maswali jikoni na wewe unatabasamu tu. Nikadhani umezeeka kwa upole. Nisamehe.

Nimeandika laki mbili. Mtangazaji akatoka kama amekaa kwenye benchi letu. Nikamsikia akifunua karatasi. Nilipaswa kufurahi, nikazima, nikafunga ofisi, nikalia. Kazi ya dakika moja, na kwa ajili yake mtu kahama na watoto wake.

Jana nilikwenda Nanganga. Nilimkuta Hemedy anafunga paneli, watu wamekaa wanamtazama. Nikapiga magoti, nikasema, "Hemedy, nilikusingizia, naomba radhi." Akacheka. "Jamani mtani wangu huyu, kanifuata mpaka huku, leo kaja na magoti." Watu wote wakacheka. Nikasema sitanii. Wakacheka zaidi, maana mtani husema hivyo hivyo. Kila neno nililolitoa liligeuka mzaha. Kulthumu peke yake hakucheka, aliingia ndani akafunga mlango.

Nimeuchafua mdomo wangu kwake, Mjomba, hata ukweli haupiti. Njoo usimame.

Rozalia

*

Nanganga
26 Agosti 2024

Kwa Mzee Ildefonsi, Nachingwea.

Shikamoo mzee. Natumaini ulifika salama. Uliniomba jibu langu nilitoe kwa maandishi kwa kuwa masikio yako hayakufikishii, nami nakuandikia kama tulivyokubaliana.

Ulipoingia uani juzi umevaa koti, ukakataa kiti, ukakataa na maji, nilijua hukuja kwa utani. Uliyosema nimeyasikia yote. Ulisema kosa la chombo ni lako na ukanieleza kuhusu masikio yako mbele ya mke wangu, jambo ambalo hukulazimika kulisema. Radhi yako nimeipokea, mzee wangu, usiibebe tena.

Ya mpwa wako bado. Siku ile nilijua haukuwa utani. Macho yake hayakuwa yanacheka. Nilicheka kwa sababu hakuniachia kitu kingine cha kufanya mbele za watu. Mwanangu Rahimu tumemhamishia shule ya hapa, na siku ya pili tu wakamwita mtoto wa Mla Sauti. Jina lilitangulia kufika.

Yeye aliniharibia mbele za watu wa Nkowe, basi asinifuate Nanganga. Asimame pale pale ofisini, mbele ya watu wale wale, aseme alijua. Asiseme alikosea, aseme alijua. Wakicheka, arudie mpaka waache. Mimi sitakuwepo. Nitasikia.

Hemedy

*

Nkowe
Jumapili, 8 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Niliwaomba studio wakarudia zile nyimbo jana, saa nne. Watu walikuja wachache kuliko mara ya kwanza, lakini walikuja. Bibi Tunu hakutaka, nikamfuata kwake mara mbili.

Sikuwasha kwanza. Nilijua nikiwasha watafurahi, na wakifurahi watanisamehe bure. Nikasimama, nikasema, "Sola ya Hemedy haikula sauti ya mtu. Kosa lilikuwa kwenye chombo chetu. Na mimi nilijua, nilipima siku nane kabla, nikamsingizia kwa sababu niliogopa aibu."

Wakacheka. Mmoja akasema, "Mtani kamkumbuka mtani wake." Nikarudia. Wakacheka, wachache. Nikarudia mara ya tatu, neno kwa neno, machozi yananitoka, na kicheko kikafa. Yule mama wa mtoto asiyesema akauliza, "Ulijua?" Nikasema nilijua. Akasema, "Na sisi tukaacha kumsalimia." Akamshika mtoto wake mkono akaondoka, na wengine wakamfuata.

Tulibaki kama kumi. Nikawasha. Sauti ya Bibi Tunu ikatoka yote, mpaka pale anapovuta pumzi katikati ya ubeti. Alisikiliza mpaka mwisho kanyoosha mgongo. Kisha akaniambia, "Kumbe ninaimba vizuri. Miezi miwili nilidhani mlikuwa mnanidanganya tangu ujana." Hakunipa mkono.

Uenyekiti wa mwaka ujao walikuwa wametaja jina langu. Hawataji tena, na sina neno.

Nitakuja Nachingwea mwisho wa mwezi, nikae nawe siku mbili. Nitaandika kwenye daftari, wewe utasema.

Mpwa wako,
Rozalia

*

Nanganga
13 Septemba 2024

Rozalia,

Nimeambiwa na watu watatu, na wote watatu wamesimulia sawasawa, kwa hiyo najua ni kweli. Nimeambiwa pia ulilia. Hilo sikukuagiza.

Sirudi Nkowe. Friza imeshapata wateja hapa, na Kulthumu ana ndugu zake karibu. Yule mama wa mtoto alikuja Jumatano kwa miguu kuniomba radhi, nikamfungia samaki. Rahimu bado anaitwa lile jina na watoto wawili watatu. Watachoka.

Kuna jambo nataka ulijue. Baba yangu alipofariki, mama yako alikuja msibani akavaa kofia ya marehemu, akachukua fimbo yake, akatembea uani vile vile alivyokuwa akitembea, anamgombeza kila mtu. Mama yangu alikuwa hajala siku mbili. Alicheka, akalia, akala. Ndicho kitu watani tulichoachiwa na wazee, na wewe ulikitoa siku ile ukakitumia kujificha nyuma yake. Ungenitukana tu ningeumia kidogo.

Nimekusamehe, mbele ya Mungu na mbele ya mjomba wako. Sina kinyongo na sitaki mtu akununie kwa ajili yangu. Ukipata msiba nitakuja, na mimi nikipata, uje. Ukae mkekani na wageni wengine, utoe pole kama wao.

Usinitanie tena.

Hemedy